Askari Aliyevipa Sifa Vinu vya Upepo

Msafiri atokaye Madrid, mji mkuu wa Hispania, akashika njia ya kusini, hatimaye huingia katika uwanda mpana uitwao La Mancha. Nchi hiyo ni kavu. Wakati wa kiangazi jua huiunguza bila huruma, na wakati wa baridi upepo huvuma bila kizuizi, kwa kuwa milima ni michache na miti ni haba. Wenyeji hulima ngano, mizabibu na zafarani. Yasemekana hata jina la La Mancha limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nchi kavu, kwani Waarabu waliitawala sehemu kubwa ya Hispania kwa mamia ya miaka. Juu ya vilima vichache vya uwanda huo msafiri huona kwa mbali safu ya minara mifupi, minene na myeupe, kila mmoja ukiwa na mabawa manne makubwa. Hivyo ndivyo vinu vya upepo. Katika mji wa Consuegra viko 12. Katika mji wa Campo de Criptana viko 10, na vitatu kati yake ni vya tangu karne ya 16, vingali na mitambo yake ya mbao.

Kinu kinachozungumzwa hapa si kile cha kutwangia kwa mchi uani. Ni nyumba nzima iliyojengwa kwa kazi moja ya kusaga nafaka, na upepo ndio mfanyakazi wake. Vinu vya namna hiyo vilikuwako Uajemi karne nyingi kabla ya kuonekana Ulaya, na nchi ya Uholanzi inavyo vingi hata leo. Lakini hakuna vilivyopata sifa duniani kama hivi vya La Mancha. Nayo sifa hiyo haikutokana na ubora wa unga wake. Ilitokana na kitabu, na aliyekiandika kitabu hicho alikuwa askari mwenye kilema, ambaye aliporudi kwao hakupata cheo wala malipo ya uzeeni.

Hapo kale watu wa La Mancha walisaga ngano yao kwa vinu vya maji vilivyojengwa kando ya mito. Taabu ni kwamba mito ya nchi hiyo haiaminiki. Gigüela na Záncara hukauka kiangazi, na Guadiana, ulio mkubwa kuliko hiyo, una mahali ambapo maji yake hupotea ardhini. Ukame ulipokuja, mwenye gunia la ngano aliweza kuwa na chakula ghalani na bado watoto wake wakalala na njaa, kwa sababu hapakuwa na wa kumsagia. Alipakia punda, akasafiri mbali kutafuta mto wenye maji, na huko akakuta wengine waliomtangulia wakingoja zamu. Ndiyo maana, katikati ya karne ya 16, watu walianza kujenga vinu juu ya vilima. Maji yalikuwa yamewakimbia. Upepo walikuwa nao tele. Mwaka 1575 Mfalme Felipe wa Pili alipoagiza kila mji ujibu maswali juu ya hali yake, watu wa Campo de Criptana walitaja vinu vingi vya upepo vilivyokuwa juu ya mlima wao.

Kazi ya kinu ilihitaji akili na nguvu pamoja. Mnara ulijengwa kwa mawe, ukapakwa chokaa, nao ulikuwa na orofa tatu. Magunia yalibebwa mgongoni kupitia ngazi nyembamba ya kuzunguka mpaka orofa ya juu kabisa, yalipokuwa mawe mawili ya kusagia. Mabawa yalikuwa fremu za mbao, na juu ya fremu hizo yalitandazwa matanga ya kitambaa kama yale ya jahazi. Upepo uliposukuma mabawa, mhimili wa mbao ulizunguka, nao ukazungusha gurudumu kubwa lenye meno lililoitwa Catalina, kwa ukumbusho wa mtakatifu aliyehukumiwa kuteswa kwa gurudumu. Meno hayo yaliuma gurudumu dogo, na hilo dogo likageuza jiwe la juu. Unga ulishuka kwa mfereji mpaka orofa ya kati, ukachekechwa na kutiwa magunia.

Upepo hauvumi upande mmoja siku zote. Kwa hiyo paa la kinu, lililochongoka kama pia iliyogeuzwa, halikufungwa kwa mnara. Liliweza kuzungushwa pamoja na mabawa yake. Nyuma ya paa ulitokeza mti mrefu ulioinama mpaka karibu na ardhi, na mwenye kinu aliuvuta mti huo kwa nguvu zake au za punda mpaka mabawa yakaelekea upepo, kisha akaufunga kwenye nguzo ya mawe iliyochimbiwa chini. Katika orofa ya juu palikuwa na vidirisha 12 kuuzunguka mnara. Kwa kuvifungua kimoja kimoja, mzee wa kinu alijua upepo gani unakuja. Kila upepo ulikuwa na jina lake: Solano wa mashariki, Ábrego wa kusini magharibi, Cierzo wa kaskazini, na mmoja wa baridi kali uliopewa jina la Matacabras, yaani mwuua mbuzi. Aliyekosea kusoma upepo aliweza kupoteza matanga, au paa zima, kwa dhoruba moja. Aliyeacha mawe yazunguke bila nafaka alihatarisha moto, kwa kuwa jiwe likisuguana na jiwe hutoa cheche. Ujira wake haukuwa fedha. Alichota sehemu ya nafaka ya kila aliyekuja kusaga. Wala haishangazi kwamba kipimo chake kilinung'unikiwa.

Basi, huo ndio mtambo uliokuwa bado mgeni katika nchi wakati Miguel de Cervantes alipoandika kitabu chake. Sehemu ya kwanza ilitoka Madrid mwaka 1605, na ya pili mwaka 1615. Jina la kitabu, kwa ufupi, ni Don Quijote, ambalo Wahispania hulitamka Don Kihote. Chasimulia habari za mwungwana mmoja wa La Mancha, umri wake karibu miaka 50, asiye tajiri, aliyesoma hadithi za mashujaa wa kale usiku na mchana. Aliuza hata mashamba ili anunue vitabu, mpaka akili yake ikakauka. Akatoa silaha zenye kutu za mababu zake, akapanda farasi aliyekonda aitwaye Rocinante, akamshawishi mkulima jirani yake, Sancho Panza, afuatane naye juu ya punda. Na wakatoka kwenda kutengeneza dunia.

Katika sura ya nane wanaona mbele yao vinu 30 au 40. Don Quijote asema hayo ni majitu na kwamba atapigana nayo mpaka ayaue. Sancho ashangaa: majitu gani? Amweleza bwana wake kwamba vile anavyoviona ni vinu, na hiyo inayofanana na mikono ni mabawa, yanayosukumwa na upepo ili jiwe lizunguke. Bwana hamsikii. Amtaja bibi wa moyo wake, aweka mkuki sawa, ampiga farasi mbio. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: upepo wavuma, bawa lageuka, mkuki wavunjika vipande, farasi na mpanda farasi warushwa uwandani. Sancho amkimbilia kwa punda wake na kumkuta hawezi kujitikisa. Na hapo hapo, akiwa angali chini, Don Quijote ana jibu tayari: mchawi adui yake ameyageuza majitu kuwa vinu ili amnyime heshima ya ushindi.

Habari yote hiyo haizidi kurasa chache katika kitabu kinene sana, lakini ndiyo iliyoenea duniani. Wahispania husema mtu anapigana na vinu vya upepo anapopoteza nguvu zake kwa adui asiyekuwapo. Mchoraji Mfaransa Gustave Doré alichora kisa hicho katika picha zake za mwaka 1863, na mwaka 1955 Picasso aliwachora Don Quijote na Sancho kwa wino mweusi, vinu vikiwa vidogo nyuma yao. Watoto hucheka wakisimuliwa. Wakubwa nao hucheka, ingawa wapo wanaomwonea huruma yule mzee, hata kumfanya mfano wa moyo usiokubali kushindwa. Hilo la mwisho ni jema, lakini lisizidishwe. Mwandishi mwenyewe hakumpa Sancho maneno ya kipumbavu pale. Sancho ndiye aliyetazama. Yeye ni mkulima na anajua unga hutoka wapi. Bwana wake anajua majitu tu, kwa kuwa katika vitabu vyake majitu yalikuwamo na mitambo hiyo mipya haikuwamo.

Na mwandishi huyo hakuwa mtu wa kudhihaki vita kwa kukaa kivulini. Cervantes alizaliwa mwaka 1547 katika mji wa Alcalá de Henares, mwana wa tabibu maskini wa kufunga majeraha. Akiwa kijana aliingia jeshini. Tarehe 7 Oktoba 1571, katika vita vikubwa vya baharini vya Lepanto kati ya mataifa ya Kikristo na dola ya Waturuki, alikuwa ndani ya merikebu ya makasia iliyoitwa Marquesa. Siku hiyo alikuwa na homa. Askari wenzake walishuhudia baadaye kwamba aliambiwa abaki chini, naye akakataa, akaomba apewe mahali pa kupigania. Alipigwa risasi mbili kifuani, na ya tatu ikaharibu mkono wake wa kushoto, usifae tena maisha yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alipopona alirudi kazini, akatumikia miaka kadhaa zaidi na mkono ule ule.

Mwaka 1575 aliruhusiwa kurudi nyumbani, pamoja na Rodrigo ndugu yake, ambaye naye alikuwa askari. Mfukoni alikuwa na barua za wakubwa wake za kumsifu kwa mfalme. Karibu na pwani ya Hispania meli yao ilitekwa na maharamia, nao wakapelekwa Algiers. Barua zile zilizotarajiwa kumfungulia mlango wa cheo zilimponza: waliomteka waliposoma majina ya wakubwa walidhani wamempata mtu mkuu, wakapandisha bei ya fidia. Alikaa utumwani miaka mitano. Alijaribu kutoroka mara nne, na kila aliposhikwa alisema kosa ni lake peke yake.

Hapa inafaa kuitazama nyumba yao. Baba hakuwa na kitu. Mama yake, Leonor de Cortinas, alipita ofisi hadi ofisi huko Madrid akiomba msaada. Ili ahurumiwe alifikia kujitangaza kuwa mjane, na hali mumewe alikuwa hai. Dada zake nao walitoa walichokuwa nacho. Fedha iliyopatikana haikutosha kuwakomboa wana wawili. Mwaka 1577 alikombolewa Rodrigo, Miguel akabaki. Ilipofika Septemba 1580 bei yake ilikuwa eskudo 500 za dhahabu, na familia ilikuwa haijatimiza. Padri Juan Gil wa shirika la Utatu, ambalo kazi yake ilikuwa kuwakomboa mateka, alitafuta pengo kwa wafanya biashara, akalipa. Siku hiyo Miguel alikuwa tayari amepandishwa katika merikebu ya kwenda Konstantinopoli, na kutoka huko ni wachache waliowahi kurudi.

Aliporudi, vita vya Lepanto vilikuwa hadithi ya zamani. Aliandika michezo ya kuigiza, isimtajirishe. Mwaka 1587 alipata kazi ambayo si watu wengi waliopenda kuifanya: kuzunguka vijiji vya Andalusia kukusanya ngano na mafuta kwa ajili ya kundi kubwa la manowari ambalo mfalme alikuwa akilitayarisha dhidi ya Uingereza. Ngano ilichukuliwa leo, na malipo yaliahidiwa kesho. Nayo kesho ya hazina ya mfalme ilikuwa mbali. Mkulima alimwona Cervantes kuwa mnyang'anyi, na wakubwa wake walimwona mzembe ikiwa magunia hayakutimia. Katika mji wa Écija alichukua ngano iliyokuwa mali ya Kanisa, kama alivyoamriwa, na kwa kitendo hicho akatengwa na Kanisa. Ngano hiyo ilibidi isagwe, kisha ioakwe mikate mikavu ya mabaharia. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka kadhaa, maisha ya mtu huyu yalikuwa magunia, mizani, maghala, vinu na hesabu.

Mwaka 1590 aliandika ombi kwa mfalme. Alitaja Lepanto, jeraha lake, utumwa wake na umaskini wa familia yake, akaomba moja ya kazi zilizokuwa wazi katika makoloni ya Marekani. Jibu lilikuwa fupi: atafute huku huku nyumbani. Mwaka 1592 alifungwa kwa muda mfupi katika mji wa Castro del Río kwa shauri la ngano. Baadaye akafanywa mtoza kodi. Akaziweka fedha za serikali kwa mwenye benki wa Sevilla, naye akafilisika, na mwaka 1597 Cervantes akatiwa gerezani. Katika dibaji ya kitabu chake adokeza kwamba kilitungwa mimba gerezani, na wengi huamini ni gereza hilo la Sevilla.

Akumbukaye hayo hukisoma kisa cha vinu kwa namna nyingine. Cervantes aliyajua majitu ya kweli na aliwajua watu waliotoka nyumbani wakiwa wamejaa hadithi za ushujaa. Alijua pia mkate hutoka wapi. Wala hakuridhika kuandika kinu kimoja. Katika sura ya 20 ya sehemu ya kwanza, usiku wa giza, Don Quijote na Sancho wasikia vishindo vya kutisha. Sancho aogopa hata kumwacha bwana wake asogee hatua moja. Kunapopambazuka waona ni nyundo sita za kinu cha maji cha kupondea nguo za sufu. Katika sehemu ya pili, katika mto Ebro, Don Quijote aona vinu vya kusagia akavidhani ngome yenye mfungwa ndani. Wasaga unga, nyuso zao nyeupe kwa vumbi la kazi, ndio wanaowaokoa wasisagwe na magurudumu. Mashua waliyoichukua yavunjika, na Don Quijote alipa gharama yake kwa wavuvi. Amechoka. Safari hii hashambulii mtu.

Juu ya maisha ya askari, mwandishi alisema waziwazi kwa kinywa cha huyo huyo mwenda wazimu, ambaye anapoacha majitu huongea kama hakimu. Katika sura ya 38 ya sehemu ya kwanza aeleza kwamba katika umaskini wote hakuna aliye maskini kuliko askari: mshahara wake huchelewa au haufiki kamwe, nguo moja iliyochanika humtosha kwa kila kazi, na usiku wa baridi hulala juu ya ardhi tupu. Katika sura ya 24 ya sehemu ya pili, akikutana na kijana aendaye vitani, asema si haki kuwatenda askari wazee kama wafanyavyo mabwana wanaowapa uhuru watumwa wao weusi wakati wamekwisha zeeka. Mabwana hao huwatoa nyumbani kwa jina la watu huru, na kumbe wamewafanya watumwa wa njaa. Katika Hispania ya siku zile, ambamo Waafrika wengi walikuwa watumwa, kila msomaji alielewa maneno hayo yanamhusu nani.

Mwaka 1614 mtu aliyejificha kwa jina la Avellaneda alitoa Don Quijote ya uongo, na katika dibaji akamcheka Cervantes kwa uzee na kwa mkono wake. Mwaka uliofuata Cervantes alimjibu bila matusi, akasema kwamba mkono huo hakuupoteza katika kilabu cha pombe. Alifariki Aprili 1616 mjini Madrid, akiwa bado si tajiri ingawa kitabu chake kilikuwa kimekwisha tafsiriwa Uingereza na Ufaransa. Alizikwa katika nyumba ya watawa wa Utatu, shirika lile lile lililomtoa Algiers. Mwaka 2015 wachunguzi walitangaza kwamba wamepata humo mabaki ambayo huenda ni yake, yakiwa yamechanganyika na ya watu wengine.

Vinu navyo vilikuwa na maisha marefu. Katikati ya karne ya 18 Campo de Criptana peke yake ilihesabiwa kuwa na vinu 34. Mwaka 1905, kitabu kilipotimiza miaka 300, gazeti la El Imparcial la Madrid lilimtuma mwandishi Azorín kuzunguka La Mancha, na huko Criptana alikuta mabawa bado yanazunguka. Baada ya hapo mashine za umeme zilivishinda kimoja kimoja. Vingine vilibomoka, mawe yake yakajengea nyuta za jirani. Vingine vilitengenezwa upya kwa kuwa watu walitoka mbali kuja kuviona. Leo, katika nyanda hizo hizo, imesimama minara mirefu ya chuma yenye mabawa matatu, isiyosaga chochote bali kutoa umeme. Mwaka 2023 upepo ulitoa zaidi ya moja ya tano ya umeme wa Hispania, ukavipita vyanzo vingine vyote.

Huko Consuegra, kila mwisho wa Oktoba, hufanywa sikukuu ya zafarani. Maua ya zambarau huchumwa alfajiri, na wanawake huketi mezani kushindana kuyachambua kwa vidole, kwani kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu zinazofaa kupikia. Siku hizo kinu kimoja juu ya kilima huvikwa matanga yake, paa likageuzwa kuelekea upepo, na ngano ikamiminwa kati ya mawe kama zamani. Vinu vya mji huo vimepewa majina, na mengi yametoka katika kitabu cha Cervantes. Kile kinachosaga siku hiyo huitwa Sancho.